Mzazi, Serikali na Mto Sio: Historia ya Amri ya Shule Busia na Tororo

Kabla ya darasa, mtoto wa Samia alisomea kwenye tanuri. Vilima vya Samia, kaskazini mwa Ziwa Viktoria, ambavyo leo vimekatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, vina mawe ya chuma. Kwa vizazi vingi wahunzi wake walifua majembe yaliyouzwa mbali na kutumika hata kulipia mahari. Mvulana alianzia kwenye mivukuto. Alikaa nyuma ya ngozi mbili, akiinua hii na kushusha ile kwa mwendo mmoja ili moto usipoe, na kama mkono ulilegea alijua kwa kelele za wakubwa, si kwa kuulizwa swali. Miaka ilipita kabla hajakabidhiwa nyundo. Ufundi huo haukugawiwa kila mtu. Ulikaa ndani ya koo zenye uhunzi. Watoto wadogo na wasichana walilala nyumbani kwa bibi, ambako walipata hadithi, vitendawili, majina ya ndugu na miiko ya ndoa. Wapadhola na Wateso wa upande wa Tororo walikuwa na utaratibu unaofanana na huo.

Elimu ya nyumbani, basi, haikuletwa na mtu. Ila haikuwa mali ya baba na mama peke yao. Mtoto alikuwa wa ukoo, na mjomba, shangazi na bibi walikuwa na sauti katika kuamua ajifunze nini na kwa nani. Dhana ya mzazi mmoja anayesimama mbele ya serikali na kudai kuwa mtoto ni wake ilikuja pamoja na serikali yenyewe.

Serikali hiyo iliugawa mkoa huu kwa kalamu. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa utawala wa Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, na mito Sio na Malaba ikawa sehemu ya mpaka. Wasamia walijikuta pande zote mbili, Wateso vilevile. Upande wa magharibi, eneo lililoitwa Bukedi lilikuwa tayari limetiwa mkononi na Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyetawala kwa niaba ya Waingereza, na mawakala wake Waganda ndio waliokuwa machifu wa mwanzo. Upande wa mashariki, Wateso waliwekwa chini ya watawala wa Wanga, akiwamo Murunga, nduguye Mumia, mfalme wa Wanga. Kwa hiyo amri za mwanzo kuhusu watoto zilitoka kwa machifu waliohesabiwa wageni kote kuwili, na jambo hilo linaeleza ukaidi mwingi uliofuata.

Shule zilikuja na dini. Wakatoliki wa Mill Hill walifika Mumias mwaka 1904, na Tororo wakaweka misheni yao Nagongera. Waanglikana wa CMS walikuwa Nabumali karibu na Mbale, na Maseno kuanzia 1906. Vijijini, shule ilikuwa kibanda cha nyasi, katekista mwenye kitabu kimoja, na watoto wakiimba herufi kwa pamoja. Katika Kiganda neno kusoma lina maana mbili, kusoma kitabu na kusali, na waliobatizwa waliitwa basomi. Waluo wakawaita josomo. Mzazi aliyempeleka mtoto kusoma alijua kuwa anampeleka kubadilishwa jina na dini. Hakukuwa na mlango mwingine. Ndiyo maana masimulizi ya Nyanza na Uganda ya Mashariki yanarudia jambo lilelile: machifu walipotakiwa kutoa wavulana, walitoa yatima na watoto wa maskini, wakawaficha warithi wao. Baadaye yatima hao walirudi na kalamu, wakawa makarani wanaoandika kodi za waliowatoa.

Mtu aliyetaka kulazimisha shule kwa nguvu kabla ya sheria yoyote kumruhusu alikuwa Odera Akang'o, chifu wa Gem. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alizuru Kampala, akaona shule na barabara za Buganda, akarudi na uamuzi kwamba watoto wote wa Gem wasome. Masimulizi ya Gem yanasema wazazi waliokaidi walitozwa faini au kuchapwa viboko, na kwamba askari wake waliwasaka watoto mashambani na malishoni. Waingereza walivutiwa na ukali wake, wakampa pia kazi ya kuwatawala Wateso, makao yakiwa Amukura, katika Kaunti ya Busia ya leo. Huko mambo yalikwenda vibaya. Alishtakiwa kwa rushwa na kutoza watu mali isivyo halali, akaondolewa na kuhamishwa Kismayu, ambako alifariki. Gem inamkumbuka kama mwanzilishi wa usomi wake. Kwa Wateso jina lake linakumbusha jela. Mtu ni yule yule na bakora ni ile ile, lakini Gem aliamuru akiwa mwana wa nyumbani na Amukura aliamuru akiwa mgeni.

Dola lenyewe halikumwiga. Baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, Uganda ilipata idara ya elimu mwaka 1925 na sheria ya elimu mwaka 1927. Kenya ilikuwa na sheria za 1924 na 1931. Zote zilimshika mwenye shule, si mzazi: shule iandikishwe, mwalimu awe na cheti, mkaguzi aruhusiwe kuingia, na misheni iliyokubali masharti ipewe ruzuku. Mtoto wa Kiafrika aliyebaki nyumbani hakuvunja sheria yoyote. Wenye kulazimishwa walikuwa wengine. Mwaka 1942 Kenya iliwataka Wazungu wote kuwapeleka watoto wao shule, na Wahindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwapeleka wavulana wao. Waafrika waliachwa nje, si kwa heshima ya haki za wazazi, bali kwa sababu kulazimisha ni kuahidi darasa, na hakuna aliyekusudia kulijenga.

Wakati huo wazazi walikuwa wameshageuka. Hofu ya shule ilikuwa imekuwa njaa ya shule, na ugomvi ukahamia kwenye aina ya shule. Upande wa Kenya, baraza la wenyeji la Kavirondo ya Kaskazini, lililokusanya kodi mpaka vijiji vya Samia na Teso, lilitoa fedha za shule isiyo ya misheni, na mwaka 1932 shule ya serikali ikafunguliwa Kakamega. Upande wa Bukedi, shida ilikuwa lugha. Mawakala na makatekista waliingiza Kiganda mahakamani, kanisani na darasani, na mtoto wa Kipadhola au wa Kiteso akajifunza kusoma kwa lugha ambayo mama yake hakuisikia. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kichukue nafasi kubwa zaidi shuleni. Kabaka Daudi Chwa na maaskofu wakapinga, na hoja ikafifia. Wazazi wa Tororo hawakuulizwa na upande wowote, ingawa wao ndio waliokaa katikati ya lugha nne au tano na ambao Kiswahili cha sokoni kingewafaa kuliko wote.

Waliokataa kabisa walikataa kwa jina la dini. Kanisa la Malaki, lililoanzishwa Buganda mwaka 1914, lilipinga dawa na chanjo, na Kakungulu mwenyewe alijiunga nalo. Mwaka 1919 aliacha Ukristo, akatahiriwa, na kuanzisha karibu na Mbale jumuiya ya Abayudaya. Wafuasi wake walikabili swali gumu kuliko la majirani: shule zilikuwa za misheni, na kusoma kulikuwa na bei ya ubatizo. Baadhi walilipa bei hiyo, wengine wakabaki bila cheti, mpaka jumuiya ilipojijengea shule zake. Waislamu wa Bukedi na Busoga walikuwa katika hali hiyo hiyo. Walikuwa na madrasa, lakini madrasa haikutoa cheti cha ukarani. Chama cha elimu ya Waislamu Uganda kilichoanzishwa miaka ya 1940 chini ya Mwanamfalme Badru Kakungulu (si Semei wa hapo juu) kiliundwa ili mtoto asome hesabu bila kubadili jina. Upande wa Kenya, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ilitaka Wazungu na misheni zao waondoke. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatua risasi Malakisi na kuua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, huku wafuasi wake wakishutumiwa kuchoma majengo ya misheni na shule.

Uhuru ulizipa serikali mbili mpya kile ambacho wakoloni hawakuthubutu kukigusa. Uganda ilichukua usimamizi wa shule za misheni kwa sheria ya mwanzo wa miaka ya 1960, na Kenya ikafanya hivyo kwa Sheria ya Elimu ya 1968, ikiyaachia makanisa cheo cha mfadhili. Walimu wakawa wa serikali, mitihani ikawa ya taifa. Fedha hazikufuata kwa kiasi hicho hicho. Kenya iliwategemea wazazi kwa harambee, na Uganda, hasa baada ya uchumi kuanguka chini ya Idi Amin, iliachia vyama vya wazazi na walimu kubeba sehemu kubwa ya gharama, hata nyongeza ya mshahara wa mwalimu. Wanahistoria wa elimu hulitaja jambo hilo kama udhaifu wa dola, na ni kweli. Lakini mzazi aliyelipa alikuwa na kauli. Mkutano wa wazazi uliweza kumkataa hedimasta mlevi au kuamua paa lije kabla ya madawati. Si mzazi wa kila aina, hata hivyo: asiyelipa alinyamaza, na mtoto wake alirudishwa nyumbani kufuata ada.

Katika miaka hiyo mpaka ulipata matumizi ambayo hakuna sheria iliyoyakusudia. Walimu wa Uganda walikimbilia shule za Kenya ya Magharibi. Kahawa, sukari na sabuni zilivushwa kwa magendo, na wavulana wa Busia wakajifunza kwamba mtu mwenye baiskeli anayevusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine hulipwa siku hiyo hiyo. Neno bodaboda lilizaliwa hapo. Hakuna aliyepiga marufuku shule, ila mzani wa mzazi ulibadilika: miaka 7 ya darasani upande mmoja, na upande wa pili kijana anayerudi jioni na noti mfukoni.

Mitihani nayo iligawanyika. Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kuwa na baraza moja la mitihani. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na kufikia 1980 lilikuwa limekwisha. Mwaka 1985 Kenya iliingia mfumo wa 8-4-4 na kukifanya Kiswahili somo la lazima katika mtihani wa darasa la nane. Uganda ilibaki na miaka 7 ya msingi na Kiingereza. Tangu hapo, mzazi wa Busia anayemvusha mtoto huchagua pia lugha na mwaka wa kumaliza. Anayetaka Kiingereza cha mapema huvuka kwenda magharibi. Anayetaka Kiswahili na cheti cha Nairobi huvuka kwenda mashariki. Serikali zote mbili hupanga mitaala kana kwamba mzazi hana pa kwenda. Mtaani Sofia, upande wa Uganda, pa kwenda ni hatua chache.

Uganda ilianza elimu ya msingi bila malipo Januari 1997, mwaka uleule Wilaya ya Busia ilipokatwa kutoka Tororo. Ahadi ya Rais Museveni ilikuwa ya watoto wanne kwa kila familia. Maagizo yalitaka wawili kati yao wawe wasichana kama familia ina wasichana, na mtoto mlemavu apewe nafasi ya kwanza. Ilionekana kama hesabu ndogo tu, lakini familia ya Bukedi yenye wake wawili na watoto kumi na mmoja ilibidi iamue nani ni familia, na nani kati ya ndugu ni wa nne. Serikali iliingia ndani ya boma na kuhesabu. Mpaka huo wa wanne ulilegea na baadaye ukaondolewa, lakini idadi ya wanafunzi nchini ilikuwa imepanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Kenya ilifuata Januari 2003, na wanafunzi zaidi ya milioni moja wakaongezeka. Kwa hiyo kati ya 1997 na 2003 shule ilikuwa bure upande mmoja wa Mto Sio na ya kulipia upande wa pili.

Ni katika miaka hiyo ndipo haki ya mzazi ilipojaribiwa Busia kwa namna iliyoandikwa vizuri kuliko popote katika kanda hii. Mwaka 1998 shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kugawa dawa za minyoo na kichocho, kwa awamu, katika shule 75 za Funyula na Budalang'i, Busia ya Kenya, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Mwaka wa kwanza ridhaa ilikuwa ya jumuiya: mikutano iliitishwa, mpango ukaelezwa, na mzazi asiyetaka alitakiwa kumwambia mwalimu. Kuanzia 1999 Wizara ya Afya ilidai sahihi ya kila mzazi. Daftari liliwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mzazi akatakiwa kufika na kutia sahihi au dole gumba.

Waliotibiwa wakapungua. Wachunguzi walieleza sababu mojawapo bila kupamba: wazazi wengi walikuwa na deni la karo, na kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa ni kujipeleka mbele ya mdai. Mtu angeiacha dawa ya bure ipite kuliko kuulizwa mbele ya watu salio la muhula uliopita. Haki ya kukubali au kukataa ilikuwa imetolewa kikamilifu, kwa karatasi na kalamu, na ikawa kizuizi kwa sababu ya meza ilipowekwa. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa utoro ulipungua kwa karibu robo katika shule zilizotibiwa, na Michael Kremer, mmoja wa waandishi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Daftari halizungumzwi sana.

Mwaka 2001 shirika hilohilo lilianza kuwalipia karo wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri, Busia na Teso. Mwaka huo radi ilipiga shule moja ya msingi wilayani Teso na kuua wanafunzi 7. Baadhi ya watu wa Teso walihusisha radi na shirika, shule kadhaa zikajiondoa, na kuna msichana aliyeshinda zawadi, kisha ikakataliwa. Busia, wazazi waliendelea. Wageni waliita imani hiyo ushirikina. Mtu anayeijua historia ya Amukura atakumbuka kwamba hii haikuwa mara ya kwanza kwa Wateso kuletewa shule na mgeni mwenye daftari, na kwamba mara ya kwanza walikuwa na sababu ya kuogopa.

Amri ya kisheria ya kumpeleka mtoto shule ni changa kuliko inavyodhaniwa. Kenya iliiweka katika Sheria ya Watoto ya 2001, ikaitia nguvu kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sheria hii ya mwisho humtaka kila mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, amfikishe shule mara kwa mara. Mzazi anayekaidi bila sababu baada ya taarifa ya maandishi ya mwalimu mkuu ametenda kosa. Kuanzia 2018, serikali ilipotaka kila mtoto anayemaliza msingi aingie sekondari, machifu na manaibu wao walizunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Miaka mia moja baada ya Odera Akang'o, kazi yake ilikuwa imepewa kifungu cha sheria.

Uganda iliichukua njia nyingine. Katiba ya 1995 inasema elimu ya msingi ya mtoto ni jukumu la serikali na wazazi kwa pamoja, na Sheria ya Elimu ya 2008 ikaligawa jukumu hilo: serikali ilipe walimu na vitabu, mzazi amwandikishe mtoto, amvishe, amtibu na amlishe. Hapo kwenye kulisha ndipo pana vita vya kila siku vya Tororo. Mtoto hukaa shuleni mpaka jioni. Mchango wa uji na posho haupaswi kuwa sharti la kukaa darasani, na mwalimu hana sufuria. Wapo wanaofunga mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko, na wapo wanaoondoka saa sita wasirudi. Wengine huishia kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira, katika Busia ya Uganda, ambako mikono midogo ya kuosha mchanga haikosi kazi.

Kuhusu mzazi anayetaka kufundisha mwenyewe nyumbani, sheria zote mbili hazina utaratibu wa kumpa leseni. Familia za aina hiyo ziko zaidi Nairobi na Kampala kuliko mpakani, na nchini Kenya baadhi yao zimelifikisha swali hilo Mahakama Kuu. Nafasi inazidi kubana kwa njia ambayo si ya mahakama: namba. Kenya ilianza mwaka 2017 kuwaandikisha wanafunzi katika mfumo wa NEMIS uliodai cheti cha kuzaliwa, na mwaka huohuo Uganda ikaanza kuwaandikisha wanafunzi kwa namba za kitambulisho cha taifa. Mtoto aliyezaliwa Uganda kwa mama wa Kenya na anayesoma Kenya anaweza kuwa na namba mbili au asiwe na hata moja, na mtihani humhitaji awe na moja.

Jaribio kubwa zaidi la elimu ya nyumbani katika historia ya mpaka huu halikuombwa na mzazi yeyote. Machi 2020 nchi zote mbili zilifunga shule kwa ajili ya korona. Uganda ilichapisha masomo ya kujisomea, ikayatangaza redioni na kuyaweka magazetini. Nyumba isiyo na redio wala mzazi anayesoma ilipata likizo ndefu. Kenya ilifungua madarasa yote tarehe 4 Januari 2021. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na ikawarudisha wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, baada ya kipindi kilichohesabiwa kuwa kirefu kuliko vyote duniani. Katika nusu ya pili ya 2021 mtoto wa Busia upande wa Uganda aliweza kumwona binamu yake akivaa sare kila asubuhi ng'ambo ya kituo cha mpaka, huku yeye akiwa amekatazwa na serikali kufanya jambo ambalo sheria ya 2008 inamlazimisha mzazi wake alifanye.

Busia ina kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu. Sheria za elimu hazina kituo cha namna hiyo. Mwalimu mkuu wa Kenya anayeandika taarifa ya utoro kwa mzazi anayelala Uganda ameandika barua tu.